Ampli za Wazee Si Mitraye

Kuna neno lenye kuzunguka hapa Lubumbashi, na tumesikia kama Likasi na Kolwezi iko vile vile. Neno lenyewe ni hili: zile ampli za zamani, ampli za lampe, zenye kulala katika stoo za serkle, nyuma ya sakristia na chini ya vitanda vya wazee waliopiga katika orkestra, zimemaliza kazi yao. Mwenye kuwa nayo aiuzishe mbio, wakati bado kuna watu wenye kuitafuta. Kwa feza hiyo atapata sono ya mupya, nyepesi, yenye taa za rangi mbele. (Tunaandika kuuzisha, si kuuza, kwa kuwa kwetu kuuza ni kutoa feza na kuuzisha ni kuipokea. Katika biashara hii, tutaona, watu wengi hawajui wako upande gani.)

Sisi tunapinga neno hilo. Hatupingi kwa kupenda vumbi. Kuna masanduku ya zamani ambayo hata tukiyapa miaka mingine hamsini hayatasema kitu, na hayo pia tutayazungumza. Tunapinga kwa sababu watu wanaamua kabla ya kufungua sanduku. Wanauliza bei mbele ya kuuliza ugonjwa.

Tuanze na wenzetu wa mila, maana hao njo wanatuumiza zaidi. Katika mikutano yetu wenyewe kuna wenye kusimama na kusema: «Mila ni ngoma, ni madimba, ni likembe. Ampli ni kitu ya Bazungu. Chama ya mila inatafuta nini mu transfo?» Na watu wanapiga makofi, kwa kuwa neno lenye kusifu ngoma halikosi makofi.

Jibu letu ni swali: gitari ilitoka wapi? Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Jean-Bosco Mwenda kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akamrekodi akipiga gitari ya kavu, isiyo na umeme. Leo hakuna mtu wa Katanga mwenye kusema kama Mwenda si wetu, eti juu gitari ni chombo cha ng'ambo. Karindula nayo, ambayo wenzetu hao wanaisifu kila sikukuu, inatengenezwa kwa ngozi ya mbuzi na pipa la mafuta. Ngozi ni ya hapa, tunakubali. Na pipa? Hakuna babu aliyelichonga katika mti.

Kama wanataka ushuhuda mwingine, waangalie Konono No 1 ya Kinshasa. Mzee Mingiedi Mawangu alileta muziki wa likembe wa Wazombo katikati ya mji, na makelele ya mji yanameza sauti ya likembe. Hakuitupa likembe yake, na hakungoja mtu amletee mikro kutoka Ulaya. Mikro zilitengenezwa kwa sumaku zilizotolewa katika vyuma vya magari, zikaunganishwa na ampli na lansivwa, zile tarumbeta kubwa za chuma za kutangazia. Sauti ikatoka ikikwaruza, na ule mkwaruzo ukawa sehemu ya muziki wenyewe. Diski yao Congotronics ilitoka mwaka 2004, na watu wa mbali sana wakasimama kusikiliza. Mzee Mingiedi alifariki mwaka 2015. Tungependa sana kuona mtu akienda kusema mbele ya jamaa yake kama ampli si chombo cha mila.

Rumba ni vile vile. Mbeleji Bill Alexandre, aliyekuwa na studio ya CEFA kule Léopoldville, anahesabiwa kuwa ndiye aliyeingiza gitari ya umeme katika muziki wa mji ule, mwaka 1953. Mwaka huo huo Joseph Kabasele alianzisha African Jazz. OK Jazz ikafuata mwaka 1956. Tangu wakati ule sebene haikuwa tena vidole na nyuzi peke yake. Ikawa vidole, nyuzi na lampe. Ule utamu wenye kujaa, ule mlio ambao unavimba kidogo mpigaji akikaza na unarudi laini akilegeza, sehemu yake kubwa inatoka ndani ya sanduku ambalo watoto wetu sasa wanataka kulipima kwa kilo. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo, ya nchi zote mbili, katika orodha ya urithi wa wanadamu. Tulicheza, tulisikiliza hotuba, tulivaa. Wengine waliotoa hotuba hizo wako na ampli ndani ya gereji, na juu yake wameweka mifuko ya simenti.

Hapa kwetu ampli iliingia kwa milango mingi. Union Minière ilijenga serkle katika kambi zake, na serkle bila muziki si serkle. Mapadri na makampuni walionyesha sinema jioni, watu wamekaa chini, na projekta ile ya filmu ya milimita 16 ilikuwa na ampli ya lampe ndani yake. Baa za Kamalondo zilikuwa na yao. Wazee wetu wengi walisikia sauti ya lampe, wakiwa watoto wenye kukaa juu ya udongo mbele ya kitambaa cheupe, kabla ya kujua kama kitu kile kiko na jina. Sasa mtu anatuambia kile si urithi. Ni urithi wa nani basi?

Wengi wenye kuuzisha hawajaona ndani. Turuhusiwe kueleza, kwa kifupi. Lampe ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Ndani yake kuna kipande chenye kupashwa moto mpaka kinaachia elektroni. Kuna bamba lenye volti 300 au zaidi, la kuzivuta. Na katikati yao kuna waya uliozungushwa kama wavu, ndiyo gridi. Sauti ndogo ya mikro au ya gitari inaingia kwa gridi, na gridi inafungua na kufunga njia kama robine. Nguvu kubwa inafuata nguvu ndogo. Ni hiyo tu. Hata majina ni somo. EL34: E ni volti 6,3 za kupashia moto, L ni pentodi ya nguvu, 3 ni aina ya kitako, cha miguu minane. EL84 ni ndugu yake mdogo, mwenye kitako cha miguu tisa. ECC83 ni triodi mbili ndani ya chupa moja. Kwa herufi na namba chache fundi anasoma kila kitu, bila kitabu.

Sisi walimu tumechora triodi kwa chaki miaka na miaka mbele ya watoto ambao hawajawahi kuona hata moja. Wanakariri, wanapata pointi zao, wanasahau. Na mbele kidogo ya shule, ndani ya stoo yenye kufuli, kuna triodi sita za kweli ambazo zingewaka rangi ya machungwa mbele ya macho yao, na mende wanataga mayai juu yake. Kila tukifikiri jambo hili tunakasirika upya, na hatuoni haya kukasirika.

Sasa tuje kwa ile sono ya mupya. Mbele yake imeandikwa wati 2000. Geuza sanduku, tazama fizibli nyuma: ampea 3. Volti 220 mara ampea 3 ni wati 660. Sanduku ambalo haliwezi kuingiza zaidi ya wati 660 kwa muda wowote wa maana linatoa wapi 2000? Mtoto wa sekonderi anafanya hesabu hiyo kwa dakika moja, lakini mzazi wake analipa bila kugeuza. Ampli yenye EL34 mbili inatoa wati 35 hivi, na hizo 35 ni za kweli. Bafle za zamani zilitengenezwa kwa kuamka na wati chache, na kwa hizo chache watu walicheza ukumbi mzima mpaka asubuhi.

Lakini tusidanganye msomaji. Sono ya mupya ina faida. Kwa kilio, ambapo watu wanalala nje, jenereta ni ndogo na vyombo vinabebwa juu ya pikipiki, hatutamshauri mtu abebe sanduku la kilo kumi na tano lenye chupa za kioo. Kwa sauti ya mhubiri mwenye kutembea tembea na mikro isiyo na waya, sono ya leo inatosha, tena inapita ile ya zamani. Parokia inunue, baa inunue, hatuna neno. Neno letu ni kwamba isilipe mpya kwa kutoa ya zamani. Wale wenye kuuzisha wamezifanya kuwa jambo moja, «toa hii upate ile», wakati ni mambo mawili. Hakuna mtu anayebadilisha mama yake kwa mpishi, hata kama mpishi anapika mbio.

Na wanunuzi ni nani? Tumewaona wa aina mbili. Wa kwanza ni wa mitraye, mtu wa vyuma chakavu. Huyu anapima. Ndani ya ampli anaona shaba ya transfo na chuma cha shasi, basi. Chupa anazivunja palepale ili mzigo usichukue nafasi. Mji huu unaishi na shaba tangu kuzaliwa kwake, unajua bei yake kila wiki, na njo mji huu huu unaochukua shaba iliyozungushwa mizunguko maelfu, tabaka juu ya tabaka, kwa akili na mikono ya mafundi, na kuitoa kwa bei ya waya uliokatwa usiku kwenye nguzo.

Wa pili ni kamisyoneri mwenye kufanyia kazi mtu wa mbali. Huyu anajua. Anakuja na simu, anapiga picha za maandishi ya lampe, anauliza kama transfo iliwahi kuzungushwa upya, kisha anakunja uso: «Papa, hii kitu haina kazi tena. Nitakusaidia tu kuitosha hapa, isikujazie nyumba.» Msomaji, mtu mwenye kukusaidia kutosha takataka hakupigii picha takataka. Mara nyingi hachukui hata sanduku. Anang'oa lampe na transfo, anaacha shasi yenye matundu, na mwenye nyumba anafurahi kama amefanya akili kwa dola chache. Yeye njo alikuwa anauzwa. Na jambo hili si la Afrika peke yake. Katika miaka ya 1970 Wajapani walinunua kule Marekani ampli za Western Electric zilizotolewa katika kumbi za sinema, vitu ambavyo wenyewe waliviona uchafu. Leo Mmarekani mwenye kuvitaka anavitafuta Japani, na kwa bei inayomtoa machozi. Wale walikuwa matajiri, wanaweza kulia na kununua tena. Sisi tukitoa, tumetoa.

Kuna na waharibifu wa aina ya tatu, ambao hawauzishi. Hawa wanajiita watengenezaji. Wanafungua sanduku zuri la mbao, wanatosha matumbo yote, wanatia ndani kikaratasi cha saketi chenye Bluetooth, na wanaweka taa ndogo nyekundu nyuma ya kioo ili watu wafikiri kama lampe inawaka. Kisha wanaweka mezani wakijisifu. Hiyo ni kuvalisha maiti. Bora mtu wa mitraye, ambaye hasemi uongo.

Namna gani basi kuamua? Kwa kufungua, na kwa utaratibu. Ampli iliyolala miaka thelathini haichomekwi moja kwa moja ukutani «tuone kama inaimba». Tumeona ampli ambazo wakati wote huo hazikufa, zikafa kwa dakika moja ya haraka. Kondansateri zake za elektrolitiki zina maji maji ndani, na maji hayo yanakauka na miaka. Ukizipa volti 400 ghafula zinapasuka, au zinakula transfo. Fundi mwenye akili anafunga njiani taa ya zamani ya waya, ya wati 60 au 100: taa ikiwaka sana na kubaki hivyo, kuna shoti ndani, na transfo imeokoka kwa sababu taa imeubeba ule mzigo. Tena fundi huyo anajua kama kondansateri inaweza kushika mamia ya volti hata baada ya kuchomoa ampli. Mkono ukiingia bila kuzitoa kwanza umeme wake, kuna kilio nyumbani. Kijana asiyejua hayo asiguse. Aite mwenye kujua, kisha akae kando akitazama.

Kitu cha kuamua ni transfo mbili: ile ya umeme na ile ya kutokea, yenye kwenda kwa bafle. Vingine vyote ni vidogo. Kondansateri za karatasi zenye kupeleka sauti kwa lampe za nguvu zinavuja kwa uzee, lampe inakuwa nyekundu kama kaa la moto na inaunguza transfo ya kutokea. Hizo zinabadilishwa zote, bila huruma, na bei yake si kitu. Zile kubwa za volti 400 zinapatikana katika televisheni kuukuu za tumbo kubwa zilizojaa kila kona ya mji. Hapa tuonye jambo moja tu, kwa kuwa tumeona mafundi wazuri wakianguka: kubwa zaidi si nzuri zaidi. Lampe ya kunyoosha umeme kama GZ34 haivumilii zaidi ya mikrofaradi 60 mbele yake. Ukimtwika 220, unamuua. Na kabla ya kuwasha, tazama kile kitufe cha kuchagua volti nyuma ya sanduku, maana mashine nyingi za Wazungu zilikuwa na 110, 125, 145, 220 na 245. Umeme wetu wa SNEL, kila mtu anaujua, leo unaanguka hata taa zinakuwa kama mshumaa, kesho unapanda kupita kipimo. Mtaa wenye umeme wa kupanda, weka 245, mzee apumue.

Watu wanatuambia: «Lampe hazitengenezwi tena, munajichosha bule.» Si kweli. EL34, EL84 na ECC83 zinatengenezwa mpaka leo katika Slovakia, Urusi na China, kwa kuwa wapiga gitari wa dunia nzima hawajakubali kuziacha. Hapa penyewe jibu limejificha: vijana wa nchi zilizovumbua transistori wanaendelea kulipia lampe mpya, na sisi wenye lampe za zamani tunazivunja ili mzigo uwe mwepesi.

Kama transfo zote mbili ziko nzima, ampli hiyo itengenezwe, na tusipoteze jioni nyingine kwa mabishano. Kama transfo ya umeme peke yake imeungua, bado itengenezwe: mji wa migodi haukosi mafundi wa kuzungusha mota, na transfo ya namna hiyo kwao si mlima. Kama ile ya kutokea imekatika, hapo ni kufikiri vizuri, maana tabaka zake zimepishana kwa hesabu na si kila mkono unaiweza. Na kama zote mbili zimeungua na shasi imeliwa na kutu, tusiifanyie maombolezo. Itoe vipande vyake kwa wagonjwa wengine: vitako, vifundo, lampe zenye uhai, hata bisi zake. Hiyo ndiyo ampli ambayo ruhusa iko ya kuimaliza, na hata hiyo mtu wa mitraye awe wa mwisho kuitwa.

Tumesema juu ya vyombo. Kuna na watu. Mwaka 2003 na uliofuata, wafanyakazi zaidi ya elfu kumi walitoka Gécamines katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari, hiari ambayo kila mtu hapa anajua ladha yake. Kabla ya hapo mishahara ilikuwa imekwama kwa miezi mingi. Nyumba kwa nyumba, vitu vilitoka: friji, cherehani, gitari, ampli. Mtu aliyeuzisha ampli ya baba yake ili mtoto alipe shule, sisi hatuna mdomo wa kumhukumu, na tukisikia mwanachama wetu akimcheka tutamkatiza. Njaa si kosa la mila. Hata leo kuna mjane mwenye ampli ya marehemu na deni la dawa. Kwake hatutakwenda na hotuba ya urithi. Tutakwenda na fundi, bure, apime, amwambie mama ukweli: transfo ni nzima, lampe hizi ni za thamani, kamisyoneri akisema dola kumi anakudanganya. Kisha tumtafutie mnunuzi wa hapa hapa, orkestra, shule ya ufundi, hata baa, kabla ya wa mbali. Akiona kama wa mbali tu ndiye mwenye kulipa, auzishe. Lakini auzishe nzima, kwa bei ya mtu mwenye macho.

Ukali wetu tunauweka kwa mali ya watu wote. Ampli ya serkle haikununuliwa na komite ya leo. Ampli ya parokia ilitoka katika matoleo ya watu ambao wengi wao wamelala makaburini, na ya shule ilitoka katika falanga za wazazi. Rais wa komite aliyechaguliwa mwaka jana hana haki ya kukaa na katibu wake jioni, juu ya chupa mbili, na kuamua kama kitu kimezeeka. Tunajua kesi, hatutaitaja, ambapo ampli tatu zilitoka kwa mlango wa nyuma Jumamosi, na Jumatatu katika daftari iliandikwa «kuondoa uchafu». Mali bila daftari huisha bila habari, wahenga walisema. Pale daftari ilikuwapo, na ndiyo iliyotumika kuficha. Kwa hiyo tunadai, na tunaomba kila mwanachama alidai pale anaposali na pale anapofanya kazi: chombo cha namna hii kiandikwe, kwa jina lake, namba yake na hali ya transfo zake, kisitoke bila mkutano wa wenyewe, na mkutano usifanyike kabla ya fundi kusoma ripoti yake kwa sauti.

Mwisho kuna wale ambao watafurahi mno na maandishi haya, nao pia tuwaguse. Ni wale wenye kufunika. Wako na ampli nzuri, tena nzima, wameifunika kitambaa cha mezani na ua la plastiki juu, na mtoto akikaribia anapigwa mkono. Wanaogopa itaharibika. Lakini ampli isiyowashwa inaharibika kwa kutowashwa: kondansateri zinakauka, panya wanakula nyaya, unyevu wa masika unaingia ndani ya transfo. Na mbaya zaidi, hakuna kijana anayesikia. Akikua atalitazama kama sanduku la wazee, na siku mzee akizikwa kamisyoneri atakuwa ndani ya matanga akitoa pole. Anayefunika anamwekea muuzishaji akiba. Kama unayo, iwashe kila mwezi, bafle ikiwa imeunganishwa, kwa kuwa ampli ya lampe ikipiga bila bafle inaweza kuunguza transfo ya kutokea. Mwite jirani mwenye gitari. Umwache akaze kidogo.

Tunapoandika haya, kuna ampli moja nyuma ya sakristia ya parokia ambayo hatutaitaja hapa mjini. Tumeruhusiwa kuifungua. Transfo zake mbili ziko nzima. Lampe mbili za nguvu zimekufa, ECC83 zote mbili bado zina uhai. Kondansateri za kubadilisha ni tisa, waya mmoja umeliwa na panya, na kifundo cha sauti kinakwaruza. Kazi ya fundi ni siku mbili, na fundi amekubali wanafunzi wanne wakae pamoja naye. Komite inakutana baada ya Pasaka. Kamisyoneri amekwisha kuacha namba yake ya simu kwa katibu.